Kitambaa hupotea kabla kisu hakijawashwa

Kila kijana anayeletwa mezani kwangu kujifunza ukataji hukimbilia kisu cha umeme. Mimi humpa utepe wa kupimia.

Anza na upana. Lebo ikisema sentimita 150, pima mwenyewe. Kwenye mzigo mmoja nimekuta jora la 147 na jingine la 152. Yatenge majora kwa upana, kila kundi na mchoro wake, yaani karatasi yenye vipande vyote vya nguo vilivyopangwa tayari kukatwa. Mchoro ufuate jora jembamba kuliko yote katika kundi hilo, ukingo wa pembeni mwa kitambaa ukiwa umetolewa. Ukitumia mchoro mmoja kwa mzigo mzima, majora mapana yatakatwa kamba ndefu isiyofaa hata mfuko.

Kwenye mchoro, tanguliza vipande vikubwa, vidogo vijaze mianya. Changanya saizi: mkono wa saizi ndogo mara nyingi huingia penye kwapa la saizi kubwa. Ila mshale wa uzi, unaoonyesha uzi wa kitambaa uelekee wapi, usiuguse. Ukiupinda ili uokoe sentimita mbili, suruali itajisokota mguuni ikishafuliwa.

Kutandaza, yaani kulaza kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, ndiko kunakokula kitambaa. Chukua mchoro wa mita 6, matabaka 80. Ukiacha sentimita 5 kila ncha badala ya 2, kila tabaka linapoteza sentimita 6 za ziada. Zidisha: mita 4.8, na hakuna aliyeziona zikienda. Weka alama ya ncha ubavuni mwa meza, msikisie kwa macho. Ukikuta kasoro, usirudi hadi mwanzo wa tabaka. Tia pia alama pale vipande vinapoishia, ukate na kuendeleza tabaka kuanzia hapo.

Kitambaa cha fulana kifungue kwenye jora kilale usiku kucha, maana kilivutwa kikiviringishwa. Niliwahi kuona uvivu kusubiri. Vipande vilisinyaa vikishakatwa, na saizi ya kati ikawavaa wembamba tu. Wakati wa kutandaza pia usikivute.

Sasa washa kisu. Kiwe kikali: kisu butu huyeyusha kingo za poliesta hadi matabaka yagandane. Kisimame wima, kwa kuwa kikiegea kidogo tu, kipande cha juu na cha chini havilingani. Ukimaliza rundo, chomoa cha juu, cha katikati na cha chini, uvilaze juu ya patani, yaani kielelezo cha kipande. Vikipishana, punguza idadi ya matabaka kabla ya kumlaumu mkataji. Kola na vipande vingine vidogo vipeleke kwenye mashine ya kisu cha ukanda, ambayo kisu chake ni ukanda unaozunguka. Vikato vya alama, vile vidogo vya ukingoni vinavyoonyesha vipande vikutane wapi, visizidi milimita 3, la sivyo vitachungulia nje ya mshono.

Bandika namba kwenye kila kipande kwa tabaka lake, ili mkono wa tabaka la 14 ushonwe na mgongo wa 14. Rangi hutofautiana hata ndani ya jora moja. Mabaki ya mwisho yaandike namba ya jora na urefu, uyaweke kando: kipande kikiharibika kwenye mashine za kushonea, mbadala wake utoke humo.