Unyayo na vidole vinauma miezi? Pa kuanzia kabla ya kusema ni gauti

Hapa Dodoma mguu ukiuma wiki ya pili, jirani ameshakupa jibu: "Hiyo gauti, acha nyama nyekundu." Unaacha nyama, unapita duka la dawa kuchukua diklofenaki, maumivu yanapoa, vidonge vikiisha yanarudi. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi wanaonijia na maumivu ya nyayo hawana gauti. Kwa hiyo dawa tuiweke pembeni kidogo. Tuanze na maswali mawili: unauma wapi, na unauma saa ngapi.

Hatua ya 1: Yasiyosubiri

Nenda hospitali leo hii kama una homa na kiungo cha mguu kimevimba na ni cha moto, kama kidole kimekuwa cheusi au cha baridi kuliko wenzake, kama huwezi kuukanyagia mguu baada ya kuanguka, kama muundi mmoja umevimba na kuuma kwa nyuma, au kama una kisukari na una kidonda, hata kidogo. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta ngozi iliyovutika na kung'aa, kisha linganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja.

Hatua ya 2: Onyesha kwa kidole kimoja

"Unauma wapi, mama?" "Mguu wote, daktari." Ninamwomba anionyeshe kwa kidole kimoja tu. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale, mwisho kidole kinatua chini ya kisigino, upande wa ndani, na uso unakunjamana. Hapo nusu ya kazi imeisha.

Fanya hivyo nyumbani. Doa hilo la chini ya kisigino karibu kila mara ni utando mgumu unaotoka kisigino kwenda vidoleni. Maumivu ya fundo la kidole gumba yanaweza kuwa gauti, au mfupa uliochomoza kwa ndani huku kidole kikiwalalia wenzake. Kati ya kidole cha tatu na cha nne, kama vile umekanyaga kokoto ambayo haipo, ni neva inayobanwa na kiatu chembamba. Sehemu moja juu ya mguu, kwenye mfupa, inayouma ukiibonyeza, inaweza kuwa ufa wa mfupa. Huu huwapata waliozidisha mwendo ghafla, mfano vijana wanaoanza kwata Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kule Makutupora au kambi nyingine. Eksirei ya wiki ya kwanza mara nyingi haioni kitu, kwa hiyo usirudi kukimbia kwa sababu tu picha ni safi.

Kidole chako cha mkono kikikosa mahali pa kutua kwa kuwa vidole vyote vya miguu yote miwili vinawaka au vina ganzi, ruka mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 3: Saa

Hatua za kwanza asubuhi ni mateso, ukitembea kidogo unapata nafuu, jioni yanarudi: ni ule utando wa kisigino. Umelala salama, saa nane usiku kidole gumba kimelipuka kiasi kwamba hata shuka hulitaki: fikiria gauti. Muundi unakaza ukitembea, ukisimama dakika chache unaachia: damu haifiki vizuri, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari.

Hatua ya 4: Kisigino

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, kwa mama lishe, walinzi, walimu, watu wanaosimama kwenye sementi kutwa nzima na ndala zilizolika.

Kabla hujashuka kitandani, kaa na uweke mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote, vivute kuelekea muundi mpaka uhisi kamba imekaza kwenye unyayo. Iguse kwa kidole gumba cha mkono wa pili; isipokaza, hujavuta vya kutosha. Shikilia sekunde 10, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Ile ya asubuhi ndiyo yenye maana kubwa, na ndiyo watu wanayoiruka.

Kisha simama kwenye ngazi, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya vidole, visigino vining'inie nje. Panda taratibu kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa tatu. Fanya mara 12, siku moja ndiyo, moja hapana. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa kwa dakika chache.

Usitegemee muujiza wa wiki moja. Wengi hupona, lakini huchukua miezi, na wanaoacha mazoezi maumivu yakipungua ndio ninaowaona tena.

Hatua ya 5: Kidole gumba kilicholipuka

Siku ya shambulio, pumzisha mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha muone daktari. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia, ila kwa mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo au presha zinaweza kuleta balaa jingine, kwa hiyo usijinunulie. Kipimo cha asidi ya yuriki, ile ambayo ikizidi mwilini huleta gauti, kinaweza kusoma kawaida katikati ya shambulio; ni vizuri kurudia wiki chache baadaye.

Maini, figo, nyama nyingi, bia na soda zenye sukari huchochea. Maharage na mchicha mnavyokatazana mitaani havijaonekana kuwa tatizo, kuleni. Na kama unatumia vidonge vya presha vya kukojoza, mtajie daktari, maana baadhi hupandisha asidi hiyo. Usiviache mwenyewe.

Hatua ya 6: Ganzi na kuwaka moto

Fumba macho. Mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kusukuma: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote. Ni vidole sita. Sema kila unapohisi. Ukikosa viwili au zaidi, hisia zimepungua. Kipimo hiki kilitokea hospitali ya Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote.

Inayofuata ni sukari. Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 mmol/L au zaidi ni ya kurudiwa na kufuatiliwa. Pombe nyingi pia huharibu neva. Ukiwa kwenye dozi ya TB, mwambie muuguzi mapema, maana isoniazidi inaweza kupunguza vitamini B6 na kuna kidonge cha kufidia. Ganzi ikiambatana na baka la ngozi lisilohisi mguso, usinyamaze. Wazee wanaijua Hombolo, hapa Dodoma, kwa sababu ya ukoma. Ugonjwa huo bado upo, unatibika, na dawa zake ni bure.

Mwenye ganzi asikande miguu kwa maji ya moto. Ataungua asijue.

Hatua ya 7: Vidogo vinavyosahaulika

Kata kucha kwa kunyoosha, usichimbe pembeni kwa wembe. Angalia funza kwenye kingo za kucha. Mwiba wa mgunga uliokatikia ndani unaweza kusumbua miezi, na eksirei kwa kawaida haiuoni. Ultrasaundi inaweza kuuona. Magaga ya kiangazi chetu yakipasuka mpaka nyama yanauma kweli: loweka kwa maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya mgando, vaa soksi ulale.

Hatua ya 8: Viatu

Chora unyayo wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza pembeni, kinakubana. Nunua jioni, mguu ukiwa umetanuka. Mtumba wa soko la Sabasaba si mbaya, ila geuza soli uone kwa mwenye nacho wa kwanza imelika upande gani.

Zikipita wiki sita za mazoezi ya kweli bila nafuu, nenda ukapimwe hospitalini, General au Benjamin Mkapa. Na uje na viatu unavyovaa kila siku, si vile vya kanisani.