Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanaharakati Aliyeuawa: Mfano wa Medgar Evers

Kila anayeandika maisha ya mwanaharakati aliyeuawa hushawishika kuanzia kwenye risasi. Usikubali. Ukitanguliza kifo, msomaji atamjua muuaji kabla ya kumjua marehemu, na yote yatakayofuata yatasomeka kama maandalizi ya msiba. Nitaeleza njia nyingine kwa kumtumia Medgar Evers, aliyepigania haki za kiraia za Wamarekani weusi katika jimbo la Mississippi hadi alipouawa akiwa na umri wa miaka 37.

Anza na kazi zake za kila siku. Evers alizaliwa Decatur mwaka 1925, akapigana Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi nyumbani na kufukuzwa kwenye kituo cha kupigia kura na wazungu wenye silaha. Baadaye aliuza bima katika eneo la Delta, na huko, akiingia nyumba kwa nyumba za vibarua wa mashamba ya pamba, aliuona umaskini wao kwa macho yake. Kaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo msomaji atakapoelewa kilichomsukuma.

Epuka maneno mapana kama "alitetea wanyonge", na badala yake taja vitendo. Mwaka 1954 Evers aliomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi akakataliwa, na mwaka huohuo NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kikamwajiri kuwa katibu wake wa kwanza jimboni humo. Mwaka 1955 alitafuta mashahidi wa mauaji ya Emmett Till, mvulana wa miaka 14, miongoni mwa watu walioogopa hata kufungua mlango. Mwaka 1962 James Meredith, mwanafunzi mweusi aliyekuwa amesaidiwa na Evers, aliingia katika chuo kilekile kilichomkataa Evers. Jambo hili mimi naliona zito kuliko sifa yoyote unayoweza kumpa.

Kifo kipe sentensi chache zisizo na mapambo: usiku wa kuamkia Juni 12, 1963, saa chache baada ya Rais Kennedy kulihutubia taifa kuhusu haki za kiraia, Evers alipigwa risasi mgongoni nje ya nyumba yake mjini Jackson, mkewe na watoto wao watatu wakiwa ndani.

Unapofika kwenye urithi wake, usiishie kutaja uwanja wa ndege na chuo vilivyopewa jina lake. Fuatilia kesi. Mwaka 1964 Byron De La Beckwith, mzungu aliyetuhumiwa kumuua Evers, alishtakiwa mara mbili, na mara zote mbili majopo ya mahakama yaliyojaa wanaume wazungu watupu yalishindwa kukubaliana. Hatia ilithibitishwa mwaka 1994, zaidi ya miaka 30 baada ya mauaji. Eleza nani aliyeifanya kesi hiyo isife. Myrlie Evers, mke wa Medgar, alikuwa amehifadhi nakala ya mwenendo wa kesi ya kwanza, akaendelea kudai ifunguliwe upya, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa NAACP. Sehemu hiyo iandike kwa jina lake mwenyewe, wala usimwite mjane tu.