Kabla ya kununua boksi la barafu la safari, hesabu saa

Swali la kwanza la mnunuzi dukani huwa ni lita: hili linabeba kiasi gani? Linalofaa kutangulia ni saa. Chakula kitakaa humo muda gani, na nje kutakuwa na joto la nyuzi ngapi? Boksi lenyewe halipozi kitu. Kinachopoza ni barafu, na boksi limewekwa kuchelewesha joto la nje lisiifikie barafu hiyo mapema. Ukilielewa hilo, nusu ya sifa zilizobandikwa kwenye lebo zinabaki kuwa mapambo.

Kwa mandari ya saa 4 hadi 6, mkoba laini wenye povu na utando wa kung'aa ndani unatosha kabisa, mradi uingize vitu vilivyokwisha kupoa. Ni mwepesi, unakunjika, na udhaifu wake mkubwa uko kwenye zipu, ndipo baridi inapotorokea. Kwa siku moja au mbili, chukua boksi gumu la plastiki lenye ukuta wa sentimita 2 hadi 3. Kambi ya siku 3 au zaidi inataka ukuta wa sentimita 4 hadi 5 na mfuniko mnene kama huo, au friji ya gari yenye kompresa. Kununua la siku 5 kwa ajili ya mandari ya mchana ni kubeba mzigo bure.

Lita zinazoandikwa na zinazotumika

Namba iliyo kwenye lebo ni nafasi ya boksi tupu, bila barafu. Theluthi moja ya nafasi hiyo, na nusu yake au zaidi ikiwa safari ni ndefu, itachukuliwa na barafu. Chukua mfano wa kopo la kawaida la mililita 330. Likisimamishwa na wenzake linakula nafasi ya karibu nusu lita, kwa sababu vitu vya mviringo huacha mianya katikati. Makopo 24 basi yanataka lita 12, na ukiongeza barafu unahitaji boksi la lita 18 hadi 20. Anayegawa 20 kwa 0.33 akitarajia makopo 60 atashangaa siku ya kupakia.

Kubwa kupita kiasi nalo ni kosa. Kuta pana zinapokea joto zaidi, na barafu yako inayeyuka kwa kupoza nafasi tupu. Kwa safari ya siku nyingi, maboksi mawili ya wastani ni bora kuliko moja kubwa: moja la vinywaji, ambalo kila mtu atalifungua kila mara, na jingine la chakula, linalofunguliwa wakati wa kupika tu. Hata mabegani ni nafuu. Boksi la lita 45 lenye kuta nene huweza kufika kilo 10 likiwa tupu. Weka kilo 10 za barafu na kilo 15 za vyakula, umefikisha kilo 35, mzigo wa watu wawili. Magurudumu husaidia kwenye sakafu na lami. Kwenye mchanga magurudumu madogo ya plastiki yanazama, tena mashimo yake yanapunguza nafasi ya ndani.

Nenda dukani na futi kamba. Pima urefu wa chupa kubwa unayoitumia, kisha pima kina cha boksi kutoka sakafu yake hadi chini ya mfuniko, maana mifuniko mingi ina sehemu inayoshuka ndani. Pima pia buti ya gari, pamoja na nafasi ya juu ya kufungulia mfuniko. Boksi ambalo ni lazima ulitoe garini ndipo ulifungue litakuchosha kabla ya jua kutua.

Mfuniko ndio unaodanganya

Kuta za maboksi mengi zimejazwa povu. Mfuniko mara nyingi hauna kitu. Mtengenezaji anaokoa gharama mahali ambapo jua linapiga moja kwa moja. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, halafu gonga mfuniko. Ukuta uliojazwa unatoa sauti nzito iliyokufa, na mfuniko mtupu unalia kama debe. Ubonyeze katikati pia kwa kiganja: ukibonyea na kurudi, ndani mna hewa tu.

Kisha angalia ukingo. Chana ukanda wa karatasi, uuweke kati ya mfuniko na boksi, funga, halafu uvute. Ukitoka bila kusita, hapo hapazibi. Rudia pande zote nne, na usisahau pembe, kwani ndiko mpira wa kuzibia huachia kwanza. Jaribio jingine ni kuwasha tochi ya simu, kuiacha ndani na kufunga mfuniko mahali penye giza. Mwanga ukipenya, hewa nayo inapita. Boksi lisilo na mpira wowote wa kuzibia si bovu, ila ni la matumizi ya siku moja.

Povu lenyewe ni la aina mbili zinazopatikana zaidi. Polistirini ni lile jeupe la punje punje, rahisi na jepesi. Poliurethani humiminwa likiwa majimaji, likajaa pembe zote na kushikana na plastiki, nalo huzuia joto vizuri zaidi: sentimita 1 yake ni sawa na takriban sentimita 1.4 za polistirini. Unene ndio unaoamua. Kwa hesabu ya karatasi, boksi lenye eneo la nje la meta za mraba 0.8 na povu la poliurethani la sentimita 3, nje kukiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya barafu, linayeyusha kama kilo 5 za barafu kwa siku. Povu likiwa la sentimita 5, ni kilo 3. Hapo hujafungua mfuniko hata mara moja, na hujaweka kitu chenye joto.

Hii ndiyo sababu ya kutoziamini sana lebo za "barafu siku 5". Namba hizo hutokana na boksi lililojazwa barafu pomoni, halifunguliwi, na limekaa kivulini. Kwenye safari ya kweli, yenye watoto na soda, kata nusu ndipo upange.

Vitu vidogo vinavyovunjika

Bawaba ndizo hufa kwanza. Zile ambazo ni plastiki nyembamba inayokunjwa hupasuka baada ya kukunjwa mara nyingi, hasa zikikaa juani. Bora ni bawaba nene yenye pini ya chuma, iliyofungwa kwa skrubu zinazofunguka, ili ikivunjika ubadilishe. Komeo la mpira linalovutwa hubana mfuniko vizuri kuliko la plastiki la kubofya, na pia hubadilishika. Kizibo cha kutolea maji kiwe cha kuzungusha, chenye pete ya mpira ya kuzuia maji, na tundu lake liwe usawa wa sakafu ya ndani. Likiwa juu kidogo tu, maji hayaishi mpaka uliinue boksi zima upande mmoja. Mimina glasi mbili za maji uone. Muuzaji akikasirika, nenda duka jingine.

Ukitaka la umeme

Maboksi yanayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari yako ya namna mbili tofauti sana, na kwa mbali yanafanana. La kwanza halina kompresa. Lina kibao cha umeme ambacho upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto, na feni ya kutoa moto huo. Hili hupoza nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto lililolizunguka, basi. Ndani ya gari lililofungwa juani likafika nyuzi 50, chakula chako kiko kwenye nyuzi 30, joto ambalo bakteria hulipenda. Tena hula umeme mfululizo. Lenye wati 48 kwenye volti 12 linavuta ampea 4. Betri ya gari ya ampea-saa 45 (yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 45) isiyopaswa kushushwa chini ya nusu itakuwa imechoka ndani ya saa 5 au 6, na asubuhi gari haliwaki. Linafaa kuendeleza ubaridi wa vitu vilivyotoka kwenye friji wakati gari linatembea. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

La kompresa ni friji kamili iliyofanywa ndogo. Hufika chini ya sifuri, mengi hugandisha, na kompresa hupumzika baridi ikishafika, hivyo wastani wa umeme wake ni mdogo. Ni ghali na ni zito. Hakikisha lina kinga ya betri, yaani hujizima lenyewe volti zikishuka, na kwamba kinga hiyo ina ngazi za kuchagua: ya juu kwa betri inayowasha gari, ya chini kwa betri ya pembeni. Yaache wazi matundu yake ya hewa. Ukililundikia mablanketi litafanya kazi bila kupumzika.

Yapo pia ya gesi, yanayofaa kambi ya kukaa siku nyingi mahali pamoja. Yanataka uwanda ulionyooka, na kamwe yasiwashwe gesi ndani ya hema au gari, kwa sababu ya moshi wake wa sumu.

Barafu: kiasi na namna

Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za joto. Kupoza lita 3 za maji kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 4 kunatoa karibu kiasi hicho hicho. Maana yake, chupa 6 za nusu lita ukiziingiza zikiwa na joto la chumba zinakula kilo 1 ya barafu kabla safari haijaanza. Weka kila kitu kwenye friji usiku kucha, na nyama igandishwe kabisa. Boksi nalo lipozwe: usiku wa kuamkia safari tupia humo chupa chache zilizoganda, funga, asubuhi uzitoe na kuweka nyingine. Boksi lililotoka stoo likiwa na moto litaanza kwa kula barafu yako.

Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande, kwa kuwa lina uso mdogo wa kupokea joto. Vipande hupoza haraka. Changanya: mabonge chini na kando, vipande kwenye mianya. Chupa za plastiki zilizogandishwa ni mabonge mazuri yasiyolowesha chakula, na yakiyeyuka unakunywa. Usizijaze hadi mdomoni. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, chupa ikapasuka. Vifuko vya jeli vipewe saa 24 kwenye friza, si saa 3.

Chumvi kwenye barafu hushusha joto chini ya sifuri, na soda ya moto itapoa upesi sana, lakini barafu nayo itakwisha upesi. Itumie kwenye boksi la vinywaji tu. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, iko chini ya nyuzi −78: inaunguza ngozi, na inapogeuka gesi huondoa hewa safi. Usiifungie kwenye boksi lisilopitisha hewa, wala usisafiri nayo garini madirisha yakiwa yamefungwa.

Kupakia

Mabonge chini, nyama mbichi na samaki juu yake ndani ya vyombo visivyovuja, kisha vilivyopikwa na maziwa, na mwisho mboga na matunda laini mbali na barafu. Kitakachotakiwa kwanza kikae juu. Mianya iliyobaki ijaze barafu au kitambaa safi. Maji ya barafu iliyoyeyuka yasimwagwe ovyo: bado yana ubaridi wa karibu sifuri na yanazizungukia chupa vizuri kuliko hewa. Yamwage pale yanapokaribia chakula, au unapoongeza barafu mpya.

Garini, boksi likae ndani upande wa kivuli badala ya kwenye buti yenye moto, na lifungwe kwa mkanda, maana kilo 30 breki ya ghafla haizisubiri. Kambini lihamishe kivuli kinapohama, na litandikie kitambaa cha rangi nyeupe juu.

Kipimajoto kidogo ndicho cha kuamini, kuliko mkono. Nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikae chini ya nyuzi 5. Vikikaa juu ya hapo zaidi ya saa 2 vitupwe, na ikiwa nje ni zaidi ya nyuzi 32, saa 1. Kuonja hakusaidii, bakteria wengi wa hatari hawabadilishi harufu wala ladha.

Ukirudi, osha kwa maji ya moto na sabuni, hasa mfereji unamokaa mpira wa kuzibia na tundu la kizibo, ambamo maji ya nyama hujificha. Harufu ikibaki, paka soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo, iache saa kadhaa, suuza. Likaushe likiwa wazi, na stoo liweke na kijiti kati ya mfuniko na ukingo ili lisifunge kabisa, kizibo kikiwa kimefunguliwa.