Somo: kupima kontua kwa kufundishana mtelemko mmoja baada ya mwingine

Katika vilima vya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hasa kuzunguka makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, Mnyankole, ambaye ndiye mwenyeji, hulima jirani na Mkongomani na Mrundi, na kila mmoja amekuja na ujuzi wake wa udongo. Somo hili linaeleza jinsi kikundi cha namna hiyo kinavyoweza kufundishana kupima kontua, yaani mstari unaopita kwenye mtelemko bila kupanda wala kushuka, kazi ambayo ikikosewa hukusanya maji mahali pamoja na kuchimba korongo jipya.

Hatua ya 1. Chagueni shamba lililoharibika, wiki chache kabla ya mvua za Machi au Septemba. Mwenye shamba ndiye aanze kueleza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, kwa kuwa hakuna mgeni anayelijua hilo kumzidi.

Hatua ya 2. Tengenezeni fremu ya A. Fungeni ncha za miti miwili iliyonyooka, yenye urefu sawa wa mita 2 hivi, kisha mkingamishe mti wa tatu katikati. Kutoka kileleni ning'inizeni uzi wenye jiwe linalofika chini ya mti huo wa kukingama. Simamisheni fremu na mtie alama pale uzi unapogusa. Igeuzeni, kila mguu ukanyage palipokuwa mwenzake, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Msiharakishe hapa, kwani kosa la fremu huhamia katika kila kigingi.

Hatua ya 3. Mguu mmoja ukitulia, sogezeni wa pili juu au chini hadi uzi uguse alama ya usawa, kisha pigeni kigingi na kuendelea. Anayejua apime vigingi vitatu tu, amkabidhi fremu asiyewahi kuishika, naye baadaye amfundishe mwingine. Ninalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi wanawake, ambao ndio wanaolima zaidi, huachiwa kubeba vigingi huku wanaume wakipima. Matokeo yake ni kwamba ujuzi haufiki shambani.

Hatua ya 4. Chimbeni mtaro kwa kufuata vigingi, udongo ukitupwa upande wa juu, na juu ya tuta pandeni majani ya nepia au kaliandra, mti mdogo wa malisho.

Hatua ya 5. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, rudini nyote. Tuta lililobomoka lichunguzwe mbele ya kila mtu bila kumlaumu mwenyewe, maana hapo ndipo kikundi hujifunza mengi kuliko siku ya kupima.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Rubondo, Nakivale: Ndugu mwalimu, kwetu ni mawe matupu, mtaro hauchimbiki. Tufanyeje?
Jibu: Pangeni mawe hayo juu ya mstari wa kontua, kama wafanyavyo wakulima wa Burkina Faso. Maji hupita polepole na kuacha udongo nyuma ya mawe.

Mwanachama wa Juru, Nakivale: Mimi ni mkimbizi, ardhi si yangu. Je, nipande miti?
Jibu: Dada, Kanuni za Wakimbizi za Uganda za 2010 zinakuruhusu kulima ardhi uliyopewa, ingawa huwezi kuiuza. Anza na nepia, ambayo huvunwa mapema. Kuhusu miti, patana kwanza na viongozi wa makazi.

Mwanachama mwenyeji: Mbuzi wanamaliza majani kwenye matuta.
Jibu: Mzee, waiteni wafugaji siku ya kupima, si baada ya hasara, na mkubaliane kwamba majani yatakatwa na kupelekewa mifugo zizini.