Kabla hujajaza mahindi kwenye magunia, pima unyevu kwa chumvi

Wakulima wenzangu, mahindi kuonekana makavu kwa macho haitoshi. Chukua chupa ya glasi yenye mfuniko, iwe kavu kabisa, weka mahindi mpaka kama theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu (isiwe ile imeloa loa), funga utikise dakika mbili tatu afu iache itulie robo saa hivi. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa ujue unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani, na uanike kwenye turubai sio chini kwenye udongo maana huko ndo viliko vimelea vya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Isiponata bado mi nakushauri uongeze siku moja ya jua kwasababu kiwango kinachotakiwa ghalani ni 13.5 na chumvi haiwezi kukuonyesha hiyo tofauti.

Jamani hili jambo linaua kweli. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125 kwa mahindi yenye sumukuvu, na kwetu 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha. Kupika hakuiondoi hiyo sumu, hata ugali uive vipi.

Na yale yaliyoota ukungu au kuoza msiwape ng'ombe wa maziwa wala kuku, sumu inapita mpaka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Yachambue pembeni kabla ya kupukuchua, uyafukie.