Kwenda kazini kwa baiskeli majani yanapopukutika

Adui mkubwa wa msimu huu ni majani yaliyolowa, kuliko hata baridi. Yakishalala barabarani huteleza kama sabuni, tena huficha mashimo na mifuniko ya chuma. Ukiyakuta kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kuyafikia, nyoosha baiskeli, kisha pita bila kukanyaga pedali kwa nguvu wala kushika breki. Breki ya mbele ikikamata hapo, gurudumu linateleza na unakwenda chini.

Tairi punguza upepo kidogo, psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 5 hadi 10 chini ya kawaida yako, ila usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, zikilowa huchelewa kushika: ziguse kidogo mapema zifute maji, halafu ndipo ubane. Mchanga ulionasa kwenye mpira wa breki hukwangua rimu, kwa hiyo uchokoe.

Cheni ndiyo huumia zaidi. Ukifika nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika chache, kisha futa iliyozidi. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, na oili iliyobaki nje hukusanya uchafu.

Madigadi ni lazima. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, hata jioni bado kuna mwanga. Ya mbele iinamishe kidogo isiwapofushe wanaokuja.