Mzee anataka kuruka kwa parachuti? Pima magoti kwanza

Umri peke yake haumzuii mzee wa Kigoma kuruka kwa parachuti ya mlimani (paragliding, ya kupaa kutoka mteremkoni) akiwa amefungwa pamoja na rubani. Magoti ndiyo huamua. Abiria hukaa mbele, naye lazima akimbie mteremkoni mpaka miguu iache ardhi yenyewe. Wengi huharibu hapo: wanaketi mapema, uzito unamvuta rubani, wote wawili chini. Mjaribuni kwenye mteremko mpole wa kushukia ziwani, mjukuu akiwa pembeni: hatua 15 za haraka, kisha ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Akishindwa, asiruke. Mwenye mifupa dhaifu au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aanzie kwa daktari. Aombe zamu ya asubuhi. Adhuhuri hewa ya moto hupanda na kurusharusha parachuti.